Kadi ya Kumi na Moja

Kaa hapo nikusimulie, wewe ambaye labda sasa hivi unatazama kioo cha kompyuta kinachokuambia kwamba programu yako imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata. Usiipige mashine kofi. Mimi niliipiga yangu, na haikusaidia. Nitakueleza polepole jinsi nilivyofundishwa kutafuta kosa la namna hiyo, na aliyenifundisha hakuwahi kuandika mstari mmoja wa programu maishani mwake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika hospitali ndogo ya kanisa upande wa Makueni, chini ya vilima vya Mbooni. Mimi ni mtu wa Kitui. Nilikuwa nimesomea kompyuta Nairobi, na hospitali iliniita kwa sababu ya mchwa. Kadi za wagonjwa zilikuwa zimekaa stoo miaka mingi katika maboksi ya mbao. Msimu mmoja wa mvua mchwa waliingia kwa chini, wakala kuanzia herufi ya kwanza hadi karibu nusu ya herufi M, na kwa kuwa majina mengi ya Ukambani huanza kwa K na M, utaelewa hiyo ni hasara kubwa kiasi gani.

Basi nikawajengea kitu ambacho wakati huo kilikuwa kipya. Kompyuta moja iliwekwa stoo, juu ya meza yenye miguu iliyosimama ndani ya mikebe ya mafuta taa, kwa heshima ya mchwa. Hiyo ndiyo iliyobeba hifadhidata, yaani kumbukumbu zote za wagonjwa. Kompyuta ya pili ilikaa kwenye dirisha la kadi, ambapo mgonjwa hufika kwanza. Waya ulipita juu ya dari kuunganisha hizo mbili. Kadi zilifunguka kwenye kurasa kama za mtandao, kwa kuwa nilitaka baadaye daktari na duka la dawa nao waweze kuziona. Kila kadi ilifunguka katika dirisha lake dogo kwenye kioo.

Kwenye dirisha la kadi alikaa mama mmoja wa makamo. Alikuwa amekaa hapo miaka ishirini na kitu, tangu enzi za maboksi. Sote tulimwita Mama. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na kiondo alichokisuka wakati foleni imepungua. Kompyuta alijifunza kwa wiki mbili, akibonyeza kila herufi kama mtu anayepima kama embe limeiva.

"Nyinyi wa Kitui mnasemwa mna dawa ya kila kitu," aliniambia siku ya kwanza. "Sasa hii ukiiloga vizuri, itanijua?"

"Itakujua, Mama. Utaipa neno lako la siri."

"Aiya! Mimi na umri huu niwe na siri na mashine?"

Siku za kawaida kila kitu kilienda sawa. Shida ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, siku za kliniki, watu wanaposhuka kutoka vilimani kabla jua halijakolea na kujaza veranda yote. Jumatatu ya tatu, kliniki ya kwanza Mama kuitumia mashine, kama saa nne asubuhi, Mama aliandika namba ya mgonjwa, akabonyeza, akangoja. Kadi haikufunguka. Kioo kilimwonyesha mstari mwekundu wa Kiingereza uliomaanisha kwamba muunganisho umekataliwa.

Nilikimbilia stoo, nikaizima ile kompyuta ya hifadhidata, nikaiwasha tena. Ikakubali. Baada ya muda ikakataa. Nikazima tena, nikawasha. Mama alikuja nyuma yangu, miwani mkononi.

"Mwanangu, umenizimia watu wangu."

Sikumwelewa, na sikumuuliza alimaanisha nini. Kumbuka hapo. Nilikuwa na haraka.

Msimamizi wa hospitali alifika. Alikuwa amewahi kuwa naibu wa mwalimu mkuu, na alizungumza na kila mtu kama amesimama mbele ya paredi. Asubuhi hiyohiyo, katika maombi ya wafanyakazi, alikuwa ameiombea kompyuta kwa jina la modeli yake.

"Dada, shida ni nini?"

Nami, mbele ya foleni nzima, mbele ya Mama mwenyewe, nikasema, "Labda Mama anabonyeza vibaya."

Sikuwa na ushahidi wowote. Nilisema tu, kwa sababu programu ilikuwa yangu na aibu ilikuwa inanijia. Mama alivaa miwani yake, akafunga ule uzi nyuma ya sikio.

Msimamizi alitazama foleni, akamtazama Mama. "Alhamisi ikikataa tena, Mama atahamia chumba cha kufulia. Si adhabu. Kuna kazi kule ya kuhesabu mashuka. Hapa tutatafuta mtu aliyesomea vyombo hivi."

Yeye alidhani anasema kwa upole. Lakini kila mtu pale alijua yule mama na lile dirisha walikuwa kitu kimoja. Ungeenda sokoni, mjini Wote, ukataja hospitali yetu, watu wangekuuliza kama yule mama wa kadi bado yupo.

Jioni hiyo nilianza daftari. Hili nalo ulishike: andika kila unachokishuku, kisha ukichunguze kimoja kimoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kwanza niliandika: waya. Jumanne nilipanda juu ya dari na tochi, nikaufuata waya kutoka dirishani hadi stoo kwa magoti. Nilikuta mavi ya panya, kiota cha ndege kilichohamwa na soksi moja ambayo mpaka leo sielewi ilifikaje. Waya ulikuwa mzima. Nilibadilisha vichwa vyake pande zote mbili hata hivyo, nikajaribu, nikaweka alama ya mkasi, yaani X ya kukifuta kisingizio, mbele ya neno waya.

Pili niliandika: umeme. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na kilipoanza kunguruma taa zetu zilififia. Niliamini kabisa nimempata mwizi. Nilivuka, nikamwomba mwenye kinu anisagie debe moja huku nimemwacha Mama akifungua kadi na kufunga, kufungua na kufunga. Mwenye kinu alinicheka.

"Unasaga mahindi ili kompyuta iugue?"

"Ndiyo."

"Kitui mna mambo."

Kinu kilisaga, taa zikafifia, kadi zikafunguka zote. Nikaweka mkasi. Wiki ile nyumba ya wageni nilikolala ilikula ugali wa unga wangu.

Tatu: neno la siri. Nne: joto la stoo. Yote mawili niliyapima, nikayawekea mkasi. Tano niliandika neno "Mama", na nitalisema kwa sababu nataka kukuambia ukweli. Jumatano nilikaa nyuma yake nusu siku nikimchunguza vidole. Alibonyeza polepole, lakini hakukosea hata mara moja. Wagonjwa walikuwa wachache siku hiyo, na mashine haikukataa chochote. Nikaweka mkasi mbele ya jina lake, na ukurasa ukaisha.

Nilichunguza waya, nikachunguza umeme, nikachunguza hata mtu mzima aliyenizidi umri mara mbili. Kitu pekee ambacho sikukiandika daftarini kilikuwa programu yangu. Niliiandika usiku ule kwa kalamu nyekundu, nikaapa kwamba Alhamisi sitakimbilia kuzima chochote. Nitakaa nitazame mpaka nione.

Alhamisi nilivuta kigoda kando ya Mama tangu saa moja. Hakuninunia. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akanipa na kipande cha kiazi kitamu kilichofungwa ndani ya gazeti.

Mgonjwa wa kwanza alikuja. Mama aliandika namba, kadi ikafunguka katika dirisha lake dogo. Alinakili kwenye kikaratasi mambo ambayo daktari angehitaji, akamkabidhi mgonjwa. "Nenda kwa daktari, kisha dawa, kisha unirudishie kikaratasi changu. Usiende nacho nyumbani kufungia tumbaku."

Kisha mgonjwa wa pili. Mama akafungua dirisha jipya. Lile la kwanza halikufungwa. Lilishuka chini ya kioo, likakaa pale kama ng'ombe anayengoja zamu kwenye birika la kunyweshea.

Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Chini ya kioo foleni ya madirisha ikawa inarefuka sawasawa na ile ya veranda. Nilianza kuyahesabu kimoyomoyo. Alipokuja mgonjwa wa kumi na moja, kadi yake ikakataa. Mstari mwekundu.

"Mama," nikasema, "mbona hizi nyingine hujazifunga?"

Alinigeukia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni.

"Nitafungaje kadi ya mtu ambaye hajaenda nyumbani?"

Akanieleza, huku mkono wake umetulia juu ya kikaratasi. Enzi za maboksi, kadi ya mgonjwa aliyeingia ililala wazi juu ya meza yake mpaka mwenyewe arudi na kikaratasi. Hapo ndipo aliponakili alichosema daktari, akaifunga, akairudisha ndani ya boksi. Meza ikiwa tupu jioni, alijua kila mtu ameondoka. Mwaka mmoja, saa kumi jioni, kadi moja ilibaki wazi. Aliinuka kwenda kutazama. Alimkuta mzee ameanguka nyuma ya tangi la maji, malaria imempanda kichwani, na watu wamepita kando yake wakidhani amelala.

"Tangu siku hiyo," akasema, "sifungi kadi kwa kukisia. Na wewe Jumatatu ulipozima, madirisha yote yakafutika, ukanizimia watu wangu. Sikujua tena nani amerudi nani bado."

Acha nikueleze sasa kilichokuwa kinatokea, maana ndicho kiini. Hifadhidata ile ilikuwa na ruhusa ya kushika miunganisho kumi kwa wakati mmoja. Mimi nilipoandika programu, nilifungua muunganisho kila kadi ilipofunguliwa, nikauacha umeshikiliwa hadi kadi ifungwe. Nilidhani mtu atafungua, atasoma, atafunga, na vikaratasi vitaingizwa vyote kwa pamoja jioni. Hivyo ndivyo msimamizi alivyonichorea kazi ofisini kwake, na hivyo ndivyo mimi nilivyoijaribu, kadi moja baada ya nyingine. Hakuna siku niliyowahi kukaa kwenye kigoda hiki kabla ya kuandika. Siku za kawaida hapakuwa na wagonjwa kumi ndani kwa pamoja. Siku za kliniki walikuwepo. Kadi kumi zilizolala wazi zilikuwa zimeshika milango yote kumi, na hakuna hata moja iliyokuwa inapitisha kitu.

Viatu vya msimamizi vilisikika verandani.

"Imekataa?"

"Imekataa," nikasema. Nikasimama. "Kosa ni langu. Mama habonyezi vibaya. Jumatatu nilisema bila kujua, na nilikosea."

Msimamizi alivua kofia. "Unaweza kuonyesha?"

Tulingoja. Punde mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alirudi na kikaratasi chake. Mama wa kadi akaingiza yaliyoandikwa, akafunga dirisha la mtoto yule. "Sasa mfungulie huyu aliyekataliwa," nikasema. Kadi ikafunguka. "Na anayefuata." Ikakataa. Akarudi mwingine, kadi yake ikafungwa, na aliyekuwa anangoja akaingia.

"Ni kama madawati," msimamizi akasema taratibu. "Yako kumi."

"Yako kumi. Na mimi nimewaandikia watoto wayashikilie hata wakiwa wameenda kucheza."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Kisha akasema jambo ambalo lingenipa nafasi ya kulala mapema: "Basi ni rahisi. Mama afunge kadi mara mtu anapoondoka hapa. Mama, umesikia? Ukishindwa, kule kwa mashuka nafasi bado ipo."

Mama alitazama mikono yake. "Nimesikia."

Angefanya. Ndiyo ilikuwa shida. Angefunga kila kadi kama alivyoamriwa, programu yangu mbovu ingeonekana nzima, na siku moja mtu angelala nyuma ya tangi.

"Hapana, msimamizi," nikasema. "Mama asibadilishe kitu. Kazi yake ilikuwepo kabla ya programu. Nipe mpaka Jumatatu nibadilishe programu."

"Na Jumatatu ikikataa?"

"Mashuka nitahesabu mimi."

Watu wa foleni waliitikia kama kanisani. Siku ile tulimalizia kwa vikaratasi na daftari.

Ijumaa niliandika upya. Kadi ikiombwa, programu ifungue muunganisho, isome yaliyomo, iyaweke ukurasani, kisha iufunge papo hapo. Ukurasa ubaki wazi mbele ya Mama hata siku nzima, kwa kuwa ukurasa ni picha tu, haumnyimi mtu nafasi. Akirudi mgonjwa na Mama akihifadhi, muunganisho ufunguliwe tena, uandike, ufungwe. Na pembeni nikaongeza orodha ndogo yenye kichwa "Hawajarudi", ili hata stoo ikizimwa watu wake wasipotee tena.

Jumamosi Mama alikuja kunisaidia kujaribu, ingawa ilikuwa siku yake ya shamba. Alifungua kadi ya kumi na moja. Ikaja. Ya kumi na mbili, ya ishirini. Nilikuwa nimeanza kuimba. Ya ishirini na sita, mstari mwekundu.

Sitakuficha, nilikaa chini sakafuni.

"Amka," Mama akasema. "Ng'ombe wamerudi nyumbani, amekosekana ndama mmoja tu, na wewe umelala kama zizi zima limeibwa."

Nikachukua daftari. Nikamwomba anikumbushe kila alichobonyeza tangu asubuhi. Alikuwa na orodha, bila shaka, kwenye gazeti la kiazi. Karibu nusu ya namba zake zilikuwa za watu ambao mchwa walikula kadi zao; alizijua kwa kichwa, akazijaribu kuona kama nimewapata. Hawakuwemo. Nikahesabu hizo zilizokosekana: kumi.

Nikarudi kwenye programu na nikaona. Namba ikipatikana, ilisoma na kufunga. Namba isipopatikana, iliruka haraka kwenda kusema "mgonjwa hayupo", na iliruka juu ya mstari wa kufunga. Kila aliyekosekana aliondoka na mlango mmoja. Nilikuwa nimefunga njia ya watu waliofika salama na kuiacha wazi njia ya waliopotea.

Nikauhamisha mstari wa kufunga mahali ambapo kila njia lazima ipite, ya heri na ya kosa. Mama akaanza upya, safari hii makusudi kwa namba za waliopotea. Alifungua hadi gazeti likaisha, akaanza kubuni namba zake. Haikukataa. Saa nane akasema mbuzi wake hawajanyweshwa, akaenda.

Jumatatu nilikaa tena kwenye kigoda. Veranda ilijaa. Msimamizi alipita mara nne akijifanya anakagua ndoo za kuzimia moto. Kadi ziliteremka chini ya kioo mpaka zikawa nyembamba kama meno ya kitana, na hakuna iliyokataliwa. Saa saba msimamizi alisimama dirishani, akatazama, akamwambia Mama, "Kiti hiki kinalia. Nitamwambia fundi seremala akitazame." Hakusema zaidi, na hakuna aliyezungumzia mashuka tena.

Saa kumi orodha ya "Hawajarudi" ilikuwa na mtu mmoja. Mama aliinuka, akajitanda leso, akaniachia dirisha. Kupitia wavu nilimwona akizunguka nyuma ya tangi la maji, kisha upande wa jikoni, kisha akifuata njia ya lango. Alirudi na kikaratasi. Mwenyewe alikuwa ameketi nje ya lango anakula ndizi, amesahau kukirudisha. Mama akaingiza, akafunga, na orodha ikawa tupu.

Basi, wewe unayetazama mstari mwekundu, fanya hivi. Kabla ya kuzima chochote, vuta kigoda ukae siku moja kando ya anayeitumia programu yako, na umuulize kwa nini anafanya anavyofanya. Kisha fungua programu, tafuta kila mahali inapofungua muunganisho, na uhakikishe mstari wa kuufunga unafikiwa kwa kila njia, hata ile ya kosa. Ukimaliza, jaribu kwa namba ambazo hazipo.